Uzalishaji wa Kiambishi na Uzalishaji wa Msanii

1. Maneno mawili, siku mbili

Mwaka jana ofisi moja ya hapa mjini ilinipa karatasi ya afya niitafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili. Ilikuwa na maneno 1200, muda ulikuwa siku tatu, na malipo yalihesabiwa kwa neno. Siku ya kwanza nilimaliza nusu nzima. Kisha nikakwama kwenye maneno mawili: cas contact. Karatasi ilimaanisha mtu ambaye hajaugua lakini alikaa karibu na mgonjwa, na kwa hiyo lazima afuatiliwe kwa siku kadhaa. Katika rasimu yangu nilikuwa nimeandika "mtu wa mawasiliano". Jioni nilimsomea mama mkubwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Ule mutu wa mawasiliano, ni wa ku radio?"

Nilielewa kwamba mtu akisoma karatasi ile hatajua kuwa anayetafutwa ni yeye. Basi nikatumia siku mbili kuuliza watu: muuguzi wa kituo cha afya, mama anayeuza mboga, kijana wa pikipiki. "Mtu aliyegusana na mgonjwa" ilikataliwa, maana ugonjwa wenyewe huambukiza hata bila kugusana. "Jirani wa mgonjwa" ilikataliwa pia, kwa sababu mtaani jirani ni yule wa nyumba ya pili tu. Mwishowe tulikubaliana juu ya "mtu aliyekaribiana na mgonjwa". Nilimaliza kazi siku ya tano. Ofisi ilikata sehemu ya malipo yangu, na juu ya hati mtu aliandika kwa wino mwekundu: rendement faible. Yaani uzalishaji mdogo.

Makala hii siiandiki ili kudai pesa ile. Ninaiandika kwa sababu neno lililoandikwa juu ya hati yangu ni neno la fani yetu. Sisi wanaisimu tunalo neno uzalishaji, tunalifundisha katika somo la mofolojia, na tumelifikiria kwa makini kuliko mara nyingi linavyofikiriwa maofisini. Nataka kuonyesha kwamba maana tunayoipa kiambishi inaweza kutusaidia kumpima kwa haki mtu anayeishi kwa ubunifu: mfasiri, mchoraji, mwandishi, mtunzi wa nyimbo. Wengi wetu tutakuwa watu hao baada ya kumaliza masomo.

2. Neno lenyewe linasema nini

Tuanze na umbo. Shina la uzalishaji ni kuzaa. Katika Kibantu-mame wataalamu wanaliunda upya kama *-bíad-, na konsonanti ile ya mwisho haikupotea kabisa. Kiswahili sanifu kimeiacha katika kuzaa, lakini inarudi katika kuzaliwa, kuzalia na kuzalisha. Sisi wa Kongo tunaosema "kuzala" tumeihifadhi waziwazi.

Juu ya shina hilo kuna kiambishi cha kutendesha, -ish-. Kamusi hutoa maana mbili za kuzalisha. Ya kwanza ni kumsaidia mwanamke azae, kazi ya mkunga. Ya pili ni kufanya mali iongezeke. Maana ya pili ndiyo iliyozoeleka ofisini, lakini ile ya kwanza haijafa, na inatukumbusha jambo moja: mkunga hamtengenezi mtoto. Anasababisha uzazi uende salama. Saa zake nyingi ni za kungojea na kuangalia, na hakuna anayesema kwamba saa hizo amekaa bure.

Mwishoni kuna -aji, na mbele u-. Umbo la u-…-aji hutaja mwendo wa tendo: uandikaji, ulimaji, uzalishaji. Kitu kinachopatikana baada ya tendo kina jina lingine kutoka shina lilelile: zao, mazao. Kwa hiyo anayehesabu maneno 1200 anahesabu mazao. Akisema amepima uzalishaji, amebadilisha jina la kitu alichopima.

3. Hesabu ya shaba

Kwa nini basi kuhesabu mazao kunaonekana kuwa jambo la kawaida? Kwetu Lubumbashi jibu halifichiki. Mji huu ulikua pamoja na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha hapa mjini miaka ya mwanzo ya 1970, alichapisha mwaka 1973 makala nzima juu ya neno moja, kazi, jinsi lilivyofikiriwa na wafanyakazi wanaosema Kiswahili. Hata leo mtu anayelima, anayechora au anayeshona nyumbani anaweza kuulizwa: "Lakini uko na kazi?" Maana yake ni kazi ya mshahara, yenye saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Shaba inahesabika vizuri. Tani moja ya shaba safi ni sawa na tani nyingine, hivyo kujumlisha kuna maana: anayetoa tani kumi amezalisha mara mbili ya anayetoa tano. Hesabu ya namna hiyo inadai sharti moja tu, kwamba vinavyohesabiwa vifanane. Katika tafsiri yangu sharti hilo halikutimia. Neno "na" lililipwa sawasawa na neno ambalo likikosewa mtu hatajua kwamba anatakiwa kwenda kituo cha afya. Katika uchoraji halitimii pia, wala katika ushairi. Kosa la ofisi lilikuwa kuchukua kipimo cha shaba na kukitumia mahali ambapo kila kipande ni tofauti na kingine.

4. Kiambishi kilicho hai na kiambishi kilicholala

Sasa tuingie katika mofolojia. Tuchukue kiambishi -am-, kile cha kuonyesha hali au mkao. Tunacho katika simama, inama, kwama, fungamana, shikamana, gandamana. Baadhi ya vitenzi hivyo vinatumika kila siku. Simama pekee linasikika barabarani asubuhi hadi jioni. Tukihesabu matumizi, -am- ni kiambishi chenye nguvu. Lakini jaribu kukipachika kwenye kitenzi kipya, kama kuchati au kupiga. Haiwezekani. Msemaji hukirithi ndani ya maneno yaliyokwisha kutengenezwa. Hakiungi neno jipya.

Linganisha na -ish- ya kutendesha. Hiyo haikomei kwenye vitenzi vya Kibantu. Imechukua vitenzi vya Kiarabu: fahamu ikatoa fahamisha, safiri ikatoa safirisha. Imechukua nomino na vivumishi: lazima ikatoa lazimisha, halali ikatoa halalisha, fupi ikatoa fupisha. Kutoka taifa tumepata taifisha, neno tunalolihitaji kila tunapoeleza yaliyoipata Union Minière mwanzoni mwa 1967. Kesho likiingia neno jingine la kigeni, -ish- itakuwa tayari kulipokea. Ngeli ya ki-/vi- ilifanya vivyo hivyo ilipokutana na neno la Kiarabu kitab. Ilisikia ki- ikadhani ni yake, na leo tunasema vitabu bila kufikiri.

Kwa hiyo katika fani yetu uzalishaji wa kiambishi ni uwezo wake wa kutoa neno ambalo bado halijakuwapo, na wasikilizaji wakalielewa. Wingi wa maneno yanayokibeba, au wingi wa mara yanapotamkwa, ni habari nyingine.

Je, uwezo unapimika? Harald Baayen alipendekeza njia inayofundishwa sana. Chukua mkusanyo mkubwa wa matini. Hesabu mara zote ambazo kiambishi fulani kinatokea. Iite jumla hiyo N. Kisha hesabu maneno yenye kiambishi hicho yaliyotokea mara moja tu katika mkusanyo mzima. Maneno hayo huitwa hapaksi. Gawanya idadi ya hapaksi kwa N. Jibu linakadiria uwezekano kwamba, ukiendelea kusoma, tokeo lifuatalo la kiambishi hicho litakuletea neno ambalo hukuwa umelikuta.

Tutumie mfano wa kubuni. Kiambishi A kimetokea mara 1000, hapaksi zake ni 5: jibu ni 0.005. Kiambishi B kimetokea mara 200 tu, hapaksi zake ni 20: jibu ni 0.1. Kwa hesabu ya shaba, A amemshinda B mara tano. Kwa hesabu ya Baayen, B anamzidi A mara ishirini. Hesabu zote mbili ni sahihi. Zinajibu maswali mawili tofauti. Ya kwanza inauliza kiasi gani kimetoka. Ya pili inauliza kama chanzo bado kiko wazi.

5. Maonyo matatu ya wanamofolojia

Mtu anaweza kuruka haraka na kusema: basi msanii mzuri ni yule asiyerudia kamwe. Fani yetu haisemi hivyo, na maonyo yake matatu yanafaa kusikilizwa.

Onyo la kwanza: si kila hapaksi ni neno jipya. Makosa ya uchapaji nayo hutokea mara moja, na majina ya watu pia. Mtafiti lazima asafishe orodha yake kabla ya kuhesabu. Vilevile si kila kitu kigeni alichofanya msanii ni ubunifu. Upya wa kweli ni ule ambao wengine wanaweza kuushika na kuutumia. Rasimu yangu ya "mtu wa mawasiliano" ilikuwa mpya kwa mama mkubwa, lakini ilikuwa mpya kama kosa.

Onyo la pili: jibu la Baayen hutegemea ukubwa wa N. Mkusanyo ukikua, hapaksi hupungua kwa kadiri ya jumla, kwa kila kiambishi, hata kile kilicho hai sana. Ndiyo sababu hatulinganishi viambishi viwili bila kuangalia N ya kila kimoja. Msanii kijana aliyechora picha kumi, zote za aina mpya, hawezi kulinganishwa hivihivi na mzee aliyechora mia saba. Mzee huyo hajaishiwa. Mkusanyo wake ni mkubwa. Na kumpima mtu kwa mwezi mmoja ni sawa na kupima kiambishi kwa ukurasa mmoja wa gazeti.

Onyo la tatu linahusu kurudia. Lugha yenye hapaksi tupu isingesemeka. Tunaelewa neno jipya lenye -ish- kwa sababu tumekwisha kusikia maneno mengi ya zamani yenye -ish-. Jambo hili nilielezwa pia nje ya darasa. Katika komini ya Katuba kuna mzee mmoja anayechora vibao vya maduka na saluni; nilikwenda kwake kukusanya msamiati wa ufundi wake. Nilimuuliza kama hachoki kuandika "Coiffure" kila wiki. Akacheka, akasema: "Ile ya kurudilia njo inalisha watoto." Nikamuuliza: "Na ile ya mupya, papa?" Alifikiri kidogo, akajibu: "Nikirudilia tu, mukono inalala." Alinionyesha daftari lake. Kati ya vibao vya mwezi ule, viwili alikuwa ameviwekea alama ya msalaba: ni vile ambavyo hakuwahi kuchora mfano wake. Mzee yule hajasoma takwimu, lakini alikuwa anatenga hapaksi zake. Na hakudharau vibao vingine vyote, maana ndivyo vilivyonunua rangi.

6. Mifano miwili ya mji wetu

Tukitaka kuona jinsi kipimo hiki kinavyofanya kazi juu ya watu, historia ya Lubumbashi inatupa mifano miwili iliyoandikwa.

Wa kwanza ni Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947. Kama wenzake wa Katanga, ambayo enzi hizo iliitwa Shaba, alikuwa akiuza picha za bei nafuu kwa ajili ya kuta za nyumba za wafanyakazi. Picha hizo zilikuwa na mada zilizojulikana: mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, au "colonie belge", ambapo mfungwa anachapwa mbele ya ofisa wa kikoloni. Wateja walizitaka, kwa hiyo wachoraji walizirudia mara nyingi. Mtu wa hesabu ya shaba angesema hapo kuna uzalishaji mkubwa. Mpenzi wa upya angesema hapo hakuna sanaa, kuna kunakili. Wote wawili wangekosea, kwa sababu mwaka 1973 Tshibumba alikutana na Fabian, na katika muda mfupi, hadi 1974, alichora mfululizo wa picha takriban 100 zinazosimulia historia ya nchi nzima, akizieleza kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Nyingi zilikuwa za matukio yaliyo nje ya orodha ya sokoni. Mkono ulioweza kuyachora ulikuwa umefunzwa na picha za kurudia. Mfululizo ule umehifadhiwa Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum hadi 2023, na kitabu cha Fabian juu yake kilitoka mwaka 1996, zaidi ya miaka 20 baadaye.

Jambo lingine kutoka utafiti ule linatuhusu sisi wa lugha. Wachoraji na wateja wao walikuwa na kipimo chao wenyewe, na kipimo hicho kilikuwa na jina: ukumbusho. Picha nzuri ni ile inayomkumbusha mtazamaji jambo na kumfanya aanze kusimulia. Tazama umbo: kumbuka, kumbusha, ukumbusho. Hapa tena kuna kutendesha. Kazi ya picha haikuishia kwenye kitambaa. Iliendelea katika maneno ya watu waliokaa sebuleni.

Mfano wa pili ni André Yav. Mwaka 1965, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani, alitoa kijitabu kinachoitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina linaahidi msamiati, lakini ndani yake ni historia ya mji, imesimuliwa na upande wa wapishi na watumishi wa nyumbani. Kimeandikwa kwa Kiswahili cha hapa, kwa tahajia isiyofuata kanuni ya shule yoyote. Kwa hesabu ya kurasa ni kitu kidogo sana. Lakini mwaka 1990 kilichapishwa upya pamoja na tafsiri na uchambuzi, katika mfululizo wa vitabu vya kitaalamu vya isimu, na leo ni mojawapo ya matini muhimu za lahaja yetu. Kijitabu kimoja kimezaa kazi za watu wengine kwa miaka mingi. Mwaka 1965 hakuna daftari la ofisi ambalo lingeweza kuandika hivyo.

7. Hitimisho

Ninapendekeza basi kwamba tunapozungumza juu ya mtu wa kazi ya ubunifu tutofautishe mambo matatu. La kwanza ni mazao: idadi ya kurasa, picha au nyimbo. Idadi hiyo ina haki ya kuhesabiwa, kwa kuwa ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, lakini tuiite kwa jina lake. La pili ni uzalishaji: uwezo wa kutoa ambacho hakijakuwapo, unaopimwa kwa muda mrefu na kwa kulinganisha mtu na mkusanyo wake mwenyewe. La tatu ni kuzalisha katika maana ya mkunga: kile ambacho kazi ya mtu huyu iliwawezesha wengine kufanya.

Pendekezo hili lina faida za karibu. Mfasiri anayepatana na ofisi anaweza kuomba malipo ya aina mbili: ya neno kwa matini ya kawaida, na ya saa kwa istilahi zinazopaswa kutafutwa na kujaribiwa kwa wasikilizaji. Mwanafunzi anayeandika kazi yake ya mwisho anaweza kumwonyesha mwalimu wake, pamoja na idadi ya kurasa, orodha ya maswali mapya yaliyojitokeza mwezi huo. Na sisi tunaokusanya msamiati tunaweza kufanya kama mzee wa Katuba: kuweka alama ndogo pembeni ya kile tulichokifanya kwa mara ya kwanza, ili mwisho wa mwaka tujue kama mkono umelala.

Zoezi kwa wenzangu wa mwaka wa pili: chukueni kurasa 20 za maandishi yenu wenyewe, mhesabu vitenzi vyenye -ish-, mtenge vile vilivyotokea mara moja, kisha msafishe makosa. Jibu mtakalopata litawaambia jambo juu ya kiambishi, na pengine juu yenu.

Nimalizie na karatasi ile ya afya. Miezi michache baadaye mwenzangu wa darasa alipewa na ofisi ileile karatasi ya pili, juu ya ugonjwa uleule. Aliimaliza kwa siku mbili na akalipwa kamili. Nilipomwomba anionyeshe, nilihesabu "mtu aliyekaribiana na mgonjwa" mara 14, na wingi wake, "watu waliokaribiana na wagonjwa", mara 3. Hakuwa na haja ya kuuliza mtu. Nilimpongeza kwa dhati, kisha nikamwambia kwamba siku zangu mbili ziko ndani ya siku zake mbili. Alinunua soda, tukanywa.